Wiki

Daktari alisema neno moja, akafunga faili.
Kijana tu, miwani imemteleza puani,
Kiingereza chake cha mbio kama cha mtu anayewahi basi.
Mama alikuwa amesimama miguuni pa kitanda,
kandambili mkononi
kwa sababu sakafu ilikuwa imepigwa deki sasa hivi.
Akasikia: wiki.

Hakuuliza. Kageha wa Chavakali hakuwa mtu wa kuuliza.
Aliteremka ngazi za hospitali ya Kisumu
akihesabu kwa vidole, Alhamisi hadi Alhamisi.

Ijumaa akauza ndama.
Jumamosi akampigia simu Mudogo, ndugu ya baba, kule Kericho:
njoo, na uje na nauli ya kurudi, huku hakuna kitu.
Jumapili akaipiga pasi suti ya harusi,
akakuta panya wametoboa kwapa la kushoto.
Akatia kiraka cha kitambaa cha pazia.
Atalala chali, alisema. Nani ataona?
Jumatatu wanaume walipima ardhi kando ya migomba
kwa kamba ya kufungia ng'ombe.
Mimi nilikuwa darasa la sita,
nimepata themanini na mbili katika Kiingereza.
Hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi ya pili tulifika asubuhi, sote,
tumevaa vizuri kupita kiasi,
na baba ameketi kitako, kikombe mkononi,
anamfokea mhudumu:
Chai gani hii? Majani yamepita tu mlangoni pa sufuria?

Miaka ikapita ndipo nikalifungua lile neno
kama gunia la viazi la barabarani,
juu vizuri, chini mambo mengine.
Mlikuwa na moyo unaopiga kwa kusitasita.
Mlikuwa na chai ile ile ya mhudumu.
Shilingi mbele ya dola. Beki wa kushoto.
Hoja ya wakili aliyelala kuchelewa,
simu isiyoshika mtandao ukivuka mawe ya Maragoli.
Hata kupenda maandazi ya moto kiasi cha kuacha nauli dukani,
hata hilo, kwao, limo humo humo.
Sisi tuna hafifu, tuna nyonge, tuna legevu,
tuna teketeke, tuna goigoi,
na ukimwita mnyonge goigoi, jiandae kuruka ua.
Lakini siku ile hapakuwa na hata moja
lililosimama mlangoni pa wadi kumshika mama mkono.

Baba aliongeza miaka kumi na minne.
Suti akaivaa siku ya mahafali yangu,
na katika picha zote mkono wa kushoto umebana ubavuni
kama mtu aliyeficha kipimajoto.

Mwaka jana ilikuwa zamu ya mama.
Wadi nyingine, harufu ile ile ya deki.
Daktari, mwanamke mpole, alilisema polepole,
neno lile lile,
na mama akanigeukia mimi.
Maneno matano yalinijaa mdomoni.
Nikasema: Anasema umechoka.
Hilo, akajibu, hata ng'ombe angelijua.

Akakaa kimya. Dripu ikadondoka, ikadondoka.
Halafu akauliza leo ni siku gani.
Nikamwambia Jumanne.
Ilikuwa Alhamisi.
Akatoa mkono chini ya shuka,
akavitazama vidole vyake,
akaurudisha.