Dikteta Asiye na Ndevu

Ofelia alinivisha shingoni darubini ya marehemu mumewe
akaninyooshea kidole: pale, juu, kwenye mathenge.

Ndiyo, mathenge. Ndugu wa ule wa Marigat
uliowang'oa meno mbuzi wa mjomba Kimosop
kwa utamu wa maganda yake, jino baada ya jino.
Hapa Tubac, Arizona, ni mwenyeji. Hauna kesi na mtu.
Umesimama kando ya mto wa maji haba
na wapita njia wanakaa kivulini pake bila kinyongo.

Sikuona ndege. Niliona jani likijikuna.
Kisha jani likalia: pii, pii, pi,
baiskeli isiyo na mafuta ikiteremka kilima.

Uzito wake kijiko cha sukari, na kingine cha kuonja.
Rangi ya jivu la jana. Kishungi kimesimama
kama nywele za mtoto aliyelala hajajifuta maji.

Wataalamu wamemwita dikteta mdogo asiye na ndevu.
Nilicheka hadi Ofelia akaniziba mdomo.
Ndevu, akanong'ona, ni zile nywele ngumu
wanazoota ndugu zake pembeni mwa midomo,
wale wanaorukia nzi hewani kwa mbwembwe.
Huyu hukagua jani kwa jani, juu na chini,
kama mtu anayechagua mchele:
kiwavi, kidukari, buibui mmoja.
Madikteta nimewasikia redioni tangu utotoni.
Hakuna aliyekula kidogo hivi.

Na ikulu yake!
Viwavi walifuma hema kwenye panda ya tawi,
wakala, wakanenepa, wakaenda zao.
Likabaki limechakaa, limejaa ngozi na mavi makavu.
Jike akaingia humo humo, akatandika manyoya,
akaacha tundu ubavuni. Mayai mawili, meupe, yana madoa.
Mwewe akipita huona takataka.

(Chumba changu cha kwanza nchi hii
nilikuta nywele za mtu kwenye sinki
na kalenda ya mwaka uliokwisha.
Sikuitoa hadi Machi.)

"Kwenu mnamwitaje?" akauliza.
Kwetu hayupo. Hata kaskazini ya hapa hayupo,
joto linapoishia naye ndipo anapoishia.
Lakini mti wake umeshafika kwetu, bila yeye,
na hakuna aliyeukaribisha.

Nikafungua kinywa nimpe jina.
Jani likajikuna, likahama.