Msimamo

Daftari lilikuwa la madeni ya mawese.
Kushoto: Mama Nyanzobe, madumu mawili, bado.
Ruhoro wa Gungu, dumu moja, kalipa nusu.
Kulia, kwa kalamu nyekundu aliyoazima asirudishe,
baba aliandika Ufaransa.

Si Ufaransa ya makombe.
Daraja la pili: timu ishirini na mbili
za miji ambayo hata Wafaransa, nadhani, huiulizia njia.
Gengaa. Niyoo. Shatoruu. Lavaa.
Aliandika alivyosikia,
na Kifaransa chake kilikuwa cha bandarini Bujumbura,
cha makuli: matusi na tarakimu.
Tarakimu zilimtosha.

Maana Sadoki wetu alikuwa huko,
jezi namba ishirini na tano, benchi,
kwenye timu ambayo baba hakuitaja jina.
Aliiita "sisi".

Jumamosi saa tano na nusu usiku
nilipanda juu ya bati na waya wa antena.
"Elekeza Kongo!"
Naelekeza Kongo.
"Umezidi, hiyo Kalemie! Rudi."
Kule nilikoelekeza kulikuwa na vita mwaka ule;
mitumbwi ilishusha watu Kibirizi, magodoro kichwani,
na mimi juu ya bati natafuta matokeo.
Mtangazaji alisoma daraja la pili mwisho kabisa, mbio,
kama mwalimu anayesoma majina ya waliofeli.

Agosti tulishinda mbili.
Tulishinda, sisi tusiowahi kuziona nyasi zile.
Desemba: sare, sare, tumepigwa.
Mvua ya bati ikameza matokeo mawili;
baba aliacha nafasi wazi, hakubahatisha.
Kwenye mawese alikuwa akibahatisha.

Februari akatajwa.
Kifaransa hukanyaga neno mkiani,
hivyo ilikuwa Sado-KI, Bita-BA,
na tulichelewa kujua kuwa ni sisi.
Dakika ya sabini na tisa, kaingia.
Baba akatoka na kikoi, akamgongea jirani.
"Kafunga?" jirani akauliza kupitia dirishani.
"Kaingia."
"Kaingia wapi?"
"Uwanjani."
"Aa. Hongera." Akafunga dirisha.

Dakika kumi na moja. Msimu mzima, ndizo hizo.
Zipo ukurasa wa arobaini, zimepigiwa mistari miwili
na tone la mafuta limezifanya zionekane hadi ukurasa wa pili.

Barua yake ya Pasaka haikutaja mpira.
Ilitaja baridi, na samaki wa kopo,
ikauliza migebuka ni shilingi ngapi siku hizi.
Mama alijibu bei. Baba aliongeza chini:
tuko wa kumi na nane, kazeni.

Mei, mechi ya mwisho. Sare ingetuokoa.
Betri zilikuwa zimelainika,
baba alizianika kwenye ungo tangu asubuhi
kama dagaa, akizigeuza.
Usiku zikashika. Sauti nyembamba ikafika,
ikapita Gengaa, ikapita Lavaa,
ikafika kwetu, ikasema: mbili kwa

Nilibaki juu ya bati muda mrefu.
Hakuna aliyeniita nishuke.

Tulikuja kujua, bila shaka.
Sadoki alipiga simu ya posta wiki ya tatu,
kila neno likichelewa kama linavuka ziwa kwa kasia.
Baba alisema, "Nimesikia."
Akauliza kama ana koti.
Hakuandika.

Juzi, siku ya pili ya matanga,
Mama Nyanzobe alikuja na fimbo na mjukuu,
akafungua pindo la kanga, akahesabu
madumu mawili, kwa bei ya miaka ile.
Nikalitoa daftari, nikamfutia kwa kalamu nyekundu.
Mkono ukateleza kulia, hadi mstari wa mwisho.
Mbili kwa.
Wino ulikuwepo.
Nikamwuliza bibi kama atakunywa chai.