Injini ya Kuja

Imekaa vikalioni kama iliyozaliwa humu,
boliti nne zote, nyundo haikuguswa.
Lakini sindano ya joto imelala
na maji yachemka hadi kifuniko chalia.

Msellem auliza: sensa mbovu?
Si mbovu. Ina waya mbili,
gari hili lajua moja.
Yasema kweli, hapana wa kuisikia.

Changamwe, saa saba, bati latupika.
Naopoa sensa ya zamani kwenye pipa la oili,
naipangusa kwa shati,
naikaza.

Sindano yapanda, yasimama katikati.
Ndipo taa ya njano ikawaka:
sasa ubongo wa injini ndio kiziwi.

Mwenyewe yuaja alasiri.
Msellem keshakata utepe mweusi wa kuiziba.
Namtazama tu.