Tupu

Ghorofa ya nne, Ruwi. Kiyoyozi kinakohoa.
Chini, muuza karaki ameshafunika birika lake.
Usiku huu nimemuumba mtumiaji
nikampa jina, mjaribu_07,
na neno la siri nililolitoa kwenye boksi la tende.
Hana uso, hana kiu, hana kwao.
Ruhusa yake ni moja: kusoma jedwali la malipo.
Asiongeze. Asifute.

Nikamuuliza:
hawala hii, iliyotumwa Maskati
saa sita na dakika ishirini usiku, tarehe mosi,
Nairobi ilikuwa saa ngapi?

Akajibu: tupu.

Si kosa. Kosa lina wekundu wake, lina kelele,
ningelishika mkia.
Wala si sufuri, maana kwa mashine sufuri nayo ni saa.
Tupu tu, kama bahasha
iliyogundishwa vizuri na ndani hamna barua.

Risiti ni ya Mwikali, analea watoto wa watu huko Ghubra.
Simu huipata watoto wakishalala
na taa za sebuleni zikishazimwa.
Alituma karo ya mdogo wake, Kitui.
Mhasibu wa shule kasema umechelewa, mwezi ulishakwisha.
Ijumaa alikuja, risiti kaikunja mara nne,
akaweka kidole pale palipo peupe:
"Huku ilikuwa mosi. Kwetu bado thelathini na moja.
Saa yenu imekula saa yangu."

Nilimwambia mtambo ni mzima.
Nilisema kweli, kwa jina langu.
Mwaka mzima nimejaribu kwa jina langu na saa zikatoka sawasawa.
Mimi ni msimamizi:
kwangu kila mlango ni pazia.

Nampa mjaribu tarakimu: chukua saa ya dunia, jumlisha tatu.
Anageuza papo hapo.
Nampa jina: Nairobi.
Tupu.
Namba anaijua, mji haujui.
Nikabaki nalitazama hilo, chai ikapoa.

"Orodha ya miji iko chumba kingine," anasema Sreejith
kwa Kiarabu chake cha sokoni, bila kugeuka.
"Mpe ruhusa zote, twende tukalale."
Nakataa. Mwenye funguo zote
hajui ni mlango gani uliokuwa na kufuli.

Mama yangu, mzaliwa wa Wete, miaka hamsini yuko Omani,
hajakubali hata siku moja kwamba asubuhi kuna saa nane.
Muuguzi akimwandikia dawa saa nane, yeye huisubiri adhuhuri ipite.
Basi sisi wanawe tunamgeuzia,
toa sita, jumlisha sita, tukiwa jikoni, mikono ina unga,
na hakuna aliyewahi kutuuliza
ruhusa hiyo tumepewa na nani.

Naandika mstari mmoja.
Majedwali ya kanda za saa: kusoma. Basi.
Nauliza tena, mji kwa jina lake.
Kishale kinapepesa.

Thelathini na moja. Saa tano na dakika ishirini usiku.

Dakika arobaini alikuwa nazo, Mwikali. Arobaini nzima.

Nachapa risiti upya, naipiga picha.
Namfuta mjaribu_07, naye hakuuliza kwa nini.
Natafuta namba ya Ghubra, natuma,
na chini ya picha naandika saa ya Kitui,
kwa maneno, si kwa tarakimu.

Alama moja ya kijivu.
Simu yake imezimwa, au iko kwenye droo ya mtu.
Sreejith ameshazima taa za upande wake.
Nakaa kidogo.
Bado moja.