Mteremko Hausamehi

Shangazi amekohoa tena leo asubuhi
pale Essence, mbele ya wauza mafuta ya chupa,
akazima. Nikashuka, nikafungua boneti
kama mtu anayefungua barua ya deni:
unajua kilichomo, ila lazima usome.

Wanangu ndio walioliita gari hili Shangazi,
kwa kuwa lina sauti kubwa, linachelewa kila mahali,
na hakuna anayethubutu kulifukuza.
Namba za kilomita zilikwama mwaka aliozaliwa kitinda mimba.
Kitinda mimba sasa ananyoa ndevu.

Garaji ya kwanza, Muhumba.
Sakafu nyeupe, niliona haya kuikanyaga.
Kijana mwenye jina lake juu ya mfuko wa shati, Arsène,
akachomeka waya, mashine ikasoma, karatasi ikatoka:
dola mia tatu na arobaini.
Ishirini na tano kati yake ni za kutazama tu.
Mimi nafundisha hesabu darasa la sita.
Nikajumlisha mara mbili, nikatafuta kosa,
halikuwapo.
"Mama, kwa gari la umri huu," akasema, "tungekushauri..."
Hakumaliza. Mtu mwenye adabu hamalizi sentensi kama hiyo
mgonjwa akiwa anasikia.

Shemeji yangu Mugisho ana dawa moja ya kila kitu: vuka.
Vuka Ruzizi, ng'ambo ni nusu bei.
Haya. Ongeza karatasi za mpakani, ongeza siku mbili bila kazi,
ongeza swali la kila mwenye kofia,
na nusu inarudi kuwa nzima,
tena nzima yenye vumbi.

Basi Kadutu, kwa Zihalirwa.
Turubai, shimo, redio iliyobaki utumbo nje.
Mvua ikinyesha, injini nayo inaoga.
Tuna kisa mimi na yeye: mwaka juzi alinibadilishia betri,
na mpaka leo siwezi kuapa kwamba ile ya zamani ilikuwa imekufa.
Akagusisha bisibisi kwenye chuma, mpini sikioni,
akafumba macho. Tukanyamaza wote.
"Plagi mbili. Mkanda. Na hapa anavuja kidogo, kama watu wazima.
Themanini na tano, piesi nanunua mimi."
"Themanini."
"Mwalimu, hili si soko la mihogo."
"Themanini, nami nitakaa hapa nikitazama."
Akacheka. Akaingia chini ya gari,
na alipotoka hakuwa anacheka.

"Freni sizigusi."

Nikadhani anapandisha bei.

"Vyombo vyake sina. Nikikudanganya hapa tambarare
utanigundua mteremkoni.
Motere ikikosea, utalala njiani.
Freni zikikosea, ni kulala kwingine.
Wapelekee wale wa sakafu nyeupe."

Labda aliniibia betri. Labda hakuniibia.
Ila nilimtazama akifuta mikono kwa kitambaa
kilichokuwa kichafu kuliko mikono,
akiisukuma pesa iende kwa mwingine,
na nikakaa kwenye tairi lake kuukuu mpaka saa kumi.

Usiku nikamwaga akiba kitandani.
Noti moja ya ishirini ina mpasuko pembeni,
mdogo, punje ya mchele ingeuziba.
Arsène aliiinua kwenye mwanga, akanirudishia kwa vidole viwili.
Zihalirwa aliipokea kwa kumi na nane.

Kadutu, themanini na mbili, ukihesabu punje ile ya mchele.
Muhumba, mia na thelathini, ukihesabu kutazama,
maana walitazama tena.
Mia moja na ishirini na nane zimebaki, kwa siku moja.
Ada ya shule ilikuwa imesimama mlangoni
hata kabla sijazima gari.

Leo nateremka, gia ya pili, nyuma ya lori la mkaa.
Shangazi bado anakohoa.
Mama mmoja anavuka na beseni la ndagala kichwani,
hatazami kushoto wala kulia.
Nakanyaga.
Anasimama.