Haliumi

Msimu wa mawese, Mwandiga,
mikono yetu myekundu hadi viwikoni.
Tunaponda chikichi zilizochemka usiku kucha:
nyama inateleza, laini kama uji wa mtoto,
na ndani yake, kila mara, kidole kinagonga mise.
Mise haijifichi kwa mwenye kazi yake.

Kwa hiyo uliponiita bafuni, Vumilia,
sabuni ingali machoni,
"Dada, hebu shika hapa,"
sikuuliza ninatafuta nini.
Titi la kushoto, juu, kuelekea kwapani,
kidole kiligonga.
Kidogo. Kigumu. Hakisogei.

"Haliumi," ukasema, ukicheka.

Hapo ndipo nilipoogopa.
Jino likiuma tunauza kuku tukaling'oe.
Mwiba ukiuma, hata usiku wa manane tunawasha kibatari.
Hili limekuja na adabu zake,
limebisha hodi kwa sauti ya chini,
likavua viatu mlangoni.

Nikakugeuza kwenye mwanga.
Ngozi ya pale imeingia vishimo vishimo, ganda la chungwa,
na chuchu iliyonyonyesha Bukuru na Butoyi
imerudi ndani kama kobe aliyesikia hatua.
"Tangu lini?"
"Tangu tulipopanda maharage."
Maharage tumekwisha kuyala, mdogo wangu.

Mkweo kasema ni maziwa yaliyoganda.
Jirani kasema ni jicho la mtu.
Mumeo kasema tungoje bei ya mawese ipande.
Nawe ukangoja,
kwa kuwa walikupa jina Vumilia
ukadhani ni amri.

Kesho alfajiri tunakwenda Maweni.
Madumu mawili nimeshamuuzia yule mchuuzi wa Kibirizi,
kanipunja, najua, nikapokea.
Sijui daktari atasema nini.
Pengine ni uvimbe wa bure tu,
turudi tukicheka njia nzima, tununue migebuka
tuile na mifupa yake.
Pengine sivyo.
Hata ikiwa sivyo, kesho ni afadhali kuliko mavuno yajayo.

Umelala sasa. Nasikia unavyokoroma
upande wa pili wa ukuta.
Nimefunga mlango kwa komeo,
nimeinua mkono wangu wa kushoto nyuma ya kichwa,
na vidole vya kulia, wekundu haujatoka kwenye kucha,
vinapita polepole, duara kwa duara.

Miaka arobaini na miwili.
Mara ya kwanza.