Kazi za Kukaa

Wiki ya kwanza waliuliza kwa heshima:
"Mchopa, likizo?"
Wiki ya tatu heshima ikaisha.
Fundi redio wa nyumba ya pili
akaniletea kilo moja ya unga,
akasema pole, kazi hutafutwa.
Nikashindwa kumwambia
mshahara umeingia tangu jana.

Meza yangu ni cherehani mbovu.
Juu yake hesabu za ghala la korosho,
simu imeegemea kopo la maziwa,
na bosi, katikati ya kikao, anauliza:
"Huyo kuku ni wa nani?"

Chikongola nzima ilikuwa na lake.
Ugonjwa ni wa wenye ofisi, walisema,
sisi tukijifungia, njaa haivai barakoa.
Binti Chitanda akapita na beseni la mihogo:
"Haya, nyie wa kazi za kukaa!"
Nikanunua wa mia tano.
Nikaula nimesimama.

Mtandao ulipokatika nikatoka uani.
Mama alikuwa anabangua,
jivu hadi viwikoni,
mafuta ya maganda yamemla vidole
tangu sijazaliwa, hapo hapo,
mlangoni pa jiko.
Mitungi ya ada yangu ya shule
ilijazwa hapo, punje kwa punje.

"Mama, kumbe nawe
unafanyia kazi nyumbani."

Akaipuliza korosho,
akaigeuza kuona kama imevunjika.
"Mimi?" akasema. "Mimi nipo tu."

Kisha akasogeza sahani ya jivu
katikati yetu.